Mapigo Saba ya Peter Gabriel

Mwezi Julai 1986 chati ya nyimbo nchini Marekani ilizaa kisa ambacho mashabiki hawajachoka kukisimulia. Kileleni ulikaa "Invisible Touch" wa Genesis, kundi la Waingereza lililokulia kwenye roki ndefu yenye mikogo na baadaye likajifunza kuimba mapenzi kwa dakika tatu na nusu. Ulikaa wiki moja tu. Tarehe 26 uling'olewa na "Sledgehammer", na aliyeung'oa ni Peter Gabriel, yule yule aliyeianzisha Genesis na wenzake wa shule mwaka 1967 na kuihama mwaka 1975. Tangu hapo Genesis haikuonja tena namba moja ya Marekani. Gabriel naye hakuipata ya pili.

Mpenzi wa muziki wa dansi anaijua picha hiyo bila kufafanuliwa. Mwimbaji wa mbele anahama, watu wanaitabiria bendi kifo, kumbe mpiga dramu anashika maikrofoni na bendi inazidi kuwika. Mpiga dramu huyo alikuwa Phil Collins. Miaka inapita, pande mbili zinakutana sokoni, na mashabiki wanabaki na kazi waipendayo kuliko zote: kubishana.

Ubishi wa mashabiki wa Gabriel una ladha yake. Hawabishani tu kama anajua kuimba au kutunga, maana hilo lilikwisha zamani. Wanabishana ni upi hasa wimbo wake bora wa pop, na chini ya swali hilo kuna jingine linalochoma zaidi: je, mwanamuziki aliyesifika kwa nyimbo za dakika ishirini alipoingia kwenye pop alipanda au alishuka?

Ili kuelewa joto la swali hilo, inafaa kukumbuka alikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 70 huko Uingereza lilistawi tawi la roki lililoitwa progresivu. Vijana waliosoma shule za gharama walichukua gitaa la umeme na kinanda, wakachanganya na mpangilio wa muziki wa kanisani na wa okestra, wakatunga hadithi ndefu zenye majini, wafalme na mwisho wa dunia. Mapigo yalibadilika katikati ya wimbo kama mtu anayebadili gia mlimani. "Supper's Ready", iliyo katika albamu Foxtrot ya mwaka 1972, ina sehemu saba na inachukua kama dakika 23, karibu upande mzima wa santuri. Mwaka huo huo, jukwaani Dublin, Gabriel aliwashtua hata wenzake wa bendi alipotokea amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha. Baadaye yakaja mavazi ya ua, ya mzee, ya jitu lenye manundu mwili mzima. Magazeti yakapiga picha, na bendi ikaanza kununa kwa kuwa habari zote zilikuwa za mavazi.

Kwa shabiki aliyempenda Gabriel wa mbweha na ua, kumwona mwaka 1986 akiimba mafumbo ya chumbani huku tarumbeta zikilia ni sawa na kumkuta shehe wako kwenye disko. Kundi hili lipo hadi leo, na hoja yake ni moja: pop ni pale fundi anapoweka zana chini na kuanza kuuza maneno.

Hoja hiyo ina tundu, na tundu lenyewe liko mwanzoni kabisa mwa historia. Genesis haikuzaliwa progresivu. Wale wavulana wa shule ya Charterhouse, katika jimbo la Surrey, walianza kama watunzi wa nyimbo fupi waliotaka kuuza tungo zao. Wimbo wao wa kwanza kutolewa, "The Silent Sun" wa mwaka 1968, waliutunga makusudi kwa mtindo wa Bee Gees ili kumfurahisha mtayarishaji wao, Jonathan King, aliyewapenda Bee Gees hao. Gabriel mwenyewe kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mpiga dramu, na ibada yake ilikuwa muziki wa soul. Akiwa bado kijana wa shule alikwenda Brixton, London, kumtazama Otis Redding, na amesema mara nyingi kwamba hajapata kuona onyesho lililompita lile. Kwa hiyo aliposhika pop mwaka 1986 hakuwa mgeni aliyevamia harusi. Alikuwa anarudi nyumbani.

Wimbo unaoupasua ubishi huu vizuri zaidi ni "Solsbury Hill". Ulitoka mwaka 1977, wa kwanza kutolewa chini ya jina lake peke yake, na ulifika nafasi ya 13 Uingereza. Kilima hicho kipo kweli, nje ya mji wa Bath, na wimbo unasimulia mtu aliyepanda juu usiku na kuamua kuacha alichokuwa nacho. Kila aliyejua habari za Genesis alielewa anachokiacha ni nini.

Sasa hesabu. Nyimbo nyingi sana za pop hutembea kwa mapigo manne: moja, mbili, tatu, nne, halafu unarudi mwanzo. "Solsbury Hill" inatembea kwa saba. Mtu akijaribu kuuchezea kwa mwendo wa nne atajikuta mguu uko hewani wimbo ulipokwisha kugeuka. Lakini hakuna anayejikwaa. Ngoma kubwa ya miguu inapiga sawasawa, pigo baada ya pigo, kama moyo, bila kujali sentensi ya muziki imeishia wapi. Juu yake gitaa kavu la Steve Hunter linazunguka kama mtu anayepanda ngazi ya mawe. Na kila kiitikio kinapokaribia kumalizika, mapigo yanaingia nne kwa muda mfupi, msikilizaji anapumua, kisha safari ya saba inaendelea. Watu wameuimba harusini, kwenye matangazo ya filamu na ndani ya magari kwa miongo minne na ushei bila kujua kwamba wamekuwa wakicheza muziki wa kilema.

Hapo ndipo makala haya yanaposimama. Wimbo bora wa pop wa mwanamuziki wa progresivu si ule ambao ameusahau ujuzi wake, wala si ule anaoutangaza. Ni ule ambao ujuzi umefichwa ndani hadi asiyejua kuhesabu anacheza na anayejua kuhesabu anatabasamu. Kwa kipimo hicho "Solsbury Hill" unaushinda "Sledgehammer", hata kama chati zinasema vingine.

Wapenzi wa "Sledgehammer" watakuja juu, na wana haki ya kusikilizwa. Wimbo huo ni shukrani ya wazi kwa soul ya Memphis. Wapulizaji wake wanaongozwa na Wayne Jackson, mpiga tarumbeta aliyewahi kumpulizia Otis Redding mwenyewe. Filimbi ya Kijapani inayofungua wimbo haikupulizwa studio. Ilitoka kwenye kinanda cha kompyuta. Besi ya Tony Levin inaburuta kiuno cha msikilizaji apende asipende. Na kuna video. Stephen R. Johnson aliiongoza, studio ya Aardman ya Bristol ikaihuisha picha moja baada ya nyingine, na Gabriel akalala chini ya kioo kwa saa nyingi huku matunda, treni na mawingu vikipangwa kuzunguka uso wake. Kuku wawili walionyonyolewa wanacheza dansi. Aliyewachezesha ni Nick Park, ambaye baadaye angejulikana dunia nzima kwa Wallace na mbwa wake Gromit. Mwaka 1987 video hiyo ilizoa tuzo tisa za MTV kwa usiku mmoja, na hakuna video iliyoipiku.

Tatizo liko hapo hapo. Zima televisheni, uache redio peke yake, na "Sledgehammer" unabaki kuwa wimbo mtamu wa soul uliopigwa na wataalamu. Wasikilizaji wa Tanzania Bara waliupokea kwa namna hiyo, maana Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwao haukuwa na kuku wala treni, ulikuwa sauti tu. Sauti hiyo inachezesha, lakini haimfanyi mtu aseme kwamba hakuna mwingine aliyeweza kuutunga. Wasanii wa Memphis waliweza, na walikuwa wamefanya hivyo miaka ishirini kabla yake. Gabriel mwenyewe alijaribu kuurudia mwaka 1992 kwa "Steam", pamoja na mwongozaji yule yule wa video, na hata mashabiki wake wakali wanakiri kwamba chai ile ilichemshwa kwa majani ya jana.

Kati ya 1977 na 1986 kuna kipindi ambacho mabishano mengi hukiruka, na ni kosa. Albamu zake nne za kwanza hazikuwa na majina. Zote ziliitwa Peter Gabriel, kama matoleo ya gazeti moja. Ya tatu, ya mwaka 1980, kampuni iliyokuwa ikimtolea kazi Marekani iliikataa. Huko Uingereza ikashika namba moja. Ndani yake mna "Games Without Frontiers", wimbo uliofika nafasi ya nne, uliobeba jina la kipindi cha televisheni cha Ulaya ambamo miji ilishindana katika michezo ya kuchekesha. Gabriel aliwageuza washindani hao kuwa watoto wanaochezea bendera na vita, akampa Kate Bush kiitikio cha Kifaransa, akaongeza mbinja. Ni wimbo wa siasa unaopigika kwenye sherehe ya watoto. Wachache wamewahi kuuweza mchezo huo.

Albamu hiyo hiyo ndiyo iliyobadili sauti ya pop ya muongo mzima. Gabriel alipiga marufuku matoazi. Wapiga dramu wakabaki na ngoma tupu. Siku moja Phil Collins, akiwa amekuja kumsaidia rafiki yake wa zamani, alikuwa akipiga huku fundi mitambo Hugh Padgham akiwa ameacha wazi maikrofoni ya mawasiliano ya studio. Mwangwi mnene ukaingia, kisha ukakatika ghafla kama mlango uliobamizwa. Gabriel akautaka ule ule, na ukawa msingi wa wimbo "Intruder". Mwaka uliofuata Collins na Padgham wakaupeleka kwenye "In the Air Tonight", na kuanzia hapo ngoma za kubamiza zikajaa kila redio ya miaka ya 80, hadi kwenye nyimbo za watu ambao hawajawahi kumsikiliza Gabriel. Wanaosema pop iliwapokonya progresivu mtu wao wageuze hesabu: pop ndiyo iliyokopa.

Turudi kwenye mchujo. Katika albamu So ya 1986, iliyouzwa zaidi ya nakala milioni tano Marekani peke yake, mpinzani wa kwanza wa kweli wa "Solsbury Hill" ni "Don't Give Up". Gabriel aliupata kutokana na picha za Dorothea Lange, mpigapicha aliyewaandama Wamarekani waliopoteza mashamba katika mdororo wa miaka ya 30, akaihamishia hali hiyo katika Uingereza yake, ambako wakati ule zaidi ya watu milioni tatu hawakuwa na kazi. Mwanamume anaeleza jinsi alivyofukuzwa na mji, na sauti ya mwanamke inamtuliza. Alimwomba kwanza Dolly Parton, akakataa, akarudi kwa Kate Bush. Hapa pia ufundi umejificha. Karibu na mwisho besi ya Levin inakuwa nzito na fupi kama hatua za mtu aliyechoka, na siri yake ni nepi: Levin alichukua nepi ya mwanawe mchanga akaitia chini ya nyuzi ili zisilie sana. Hata hivyo wimbo huu, kwa uzuri wake wote, unadai msikilizaji akae. Pop iliyo bora kabisa humruhusu pia aoshe vyombo.

Mpinzani wa pili ndiye anayetisha. "In Your Eyes" haukuvuka nafasi ya 26 Marekani ulipotoka, lakini mwaka 1989 filamu Say Anything... ilimwonyesha John Cusack amesimama nje ya nyumba ya msichana, redio kaseti ameinyanyua juu ya kichwa, na wimbo ukapata uhai wa pili ambao haujazimika. Unaanza kama wimbo wa mpenzi mmoja kwa mpenzi wake. Mwishoni anaingia Youssou N'Dour wa Senegal akiimba Kiwolof, sauti inapaa juu ya ngoma, na ghafla haijulikani tena kama yanayoimbwa ni mapenzi ya mtu au dua. Katika Senegal, Gabriel alikuwa ameelezwa kwamba mtu anaweza kutunga wimbo ambao mpendwa wake ni Mungu au binadamu, bila kumlazimisha msikilizaji kuchagua. Anayelelewa na taarabu na kaswida hatalishangaa jambo hilo.

Wimbo huu ndio unaomfikisha Gabriel karibu na wasomaji wa Kiswahili, na njia yenyewe ilianza kwa hasara. Mwaka 1982 yeye na wenzake waliandaa tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Somerset, wakawaita wanamuziki kutoka pembe nyingi za dunia, wakiwemo wapiga ngoma wa Burundi. Ngoma zililia, pesa hazikurudi. Wadai walibisha hodi mlangoni kwa Gabriel, na waliomwokoa ni wale aliowaacha: Oktoba 2 mwaka huo Genesis ilipanda naye jukwaani Milton Keynes, mvua ikinyesha, kwa onyesho moja la kulipa deni.

Deni likalipwa, tamasha likadumu. Baada ya mafanikio ya So, katika kijiji cha Box karibu na Bath kikasimama kituo cha Real World, chenye studio kando ya maji, na mwaka 1989 ikaanzishwa lebo ya jina hilo. Miongoni mwa albamu zake za mwanzo ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, bendi ya Dar es Salaam. Dokta Remmy, aliyezaliwa Kindu, Kongo, na ambaye jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala pale Sinza, alirudi tena studio hiyo kurekodi Mambo, iliyotoka 1992. Geoffrey Oryema wa Uganda alitoa Exile mwaka 1990. Ayub Ogada wa Kenya alikwenda na nyatiti yake, na En Mana Kuoyo ikatoka 1993. Papa Wemba alizunguka na Gabriel jukwaani, na katika rekodi ya Secret World Live sauti yake ndiyo inayopaa kwenye "In Your Eyes", mahali pa N'Dour.

Kwa hiyo mashabiki wa Foxtrot wanaolalamika kwamba "Sledgehammer" uliuza roho wanapaswa kuulizwa fedha hizo zilikwenda wapi. Sehemu yake ilikwenda kwenye nyuzi za nyatiti na magitaa ya Matimila.

Lakini mema ya mtunzi hayaongezi alama za wimbo, na ubishi ni wa wimbo. "In Your Eyes" unapata nafasi ya pili kwa sababu moja ya kiufundi: kilele chake kinabebwa na sauti ya kuazima. Ukimwondoa N'Dour, au Wemba, kinachobaki ni wimbo mzuri usio na paa. Hata katika santuri ya mwaka 1986 haukukaa mahali Gabriel alipoutaka. Alitaka ufunge albamu, lakini besi yake ilihitaji mifereji mipana ambayo haitoshei karibu na katikati ya sahani, ukawekwa mwanzo wa upande wa pili. Katika matoleo ya baadaye ndipo ulipohamishiwa mwisho.

"Solsbury Hill" hauazimi mtu. Una gitaa, moyo unaodunda, filimbi kidogo, na mtu mmoja anayeeleza kwa nini ameondoka.

Mwaka 2023 Gabriel, akiwa na umri wa miaka 73, alizunguka Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuitangaza i/o, albamu yake ya kwanza ya nyimbo mpya tangu Up ya 2002, ambayo nyimbo zake alizitoa mmoja mmoja kila mwezi mpevu. Ratiba ya maonyesho hayo ilikuwa na sehemu mbili. "Sledgehammer" ulimaliza sehemu ya kwanza, watu wakaenda mapumziko kutafuta vinywaji. Sehemu ya pili ilifungwa na "Solsbury Hill". Baadaye alirudi jukwaani na "In Your Eyes", kisha "Biko", wimbo wake wa 1980 wa kumwomboleza Steve Biko. Lakini lile gitaa la mapigo saba lilipoanza, maelfu ya watu, wengi wao wenye mvi, walisimama na kuanza kupiga makofi, kila mmoja akiliweka kofi lake pale alipodhani pigo liko.